"Kompyuta Haichezewi": Agizo Lililotugharimu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kamukuywa, soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Jioni moja nilimkuta mpwa wangu ameketi mbele ya kinyozi, simu mkononi, akitazama ndege ndogo ikipaa kwenye kioo. Nilimuuliza alikuwa akifanya nini. Alinijibu bila kuinua macho: "Nacheza gemu tu, mjomba."

Kufikia usiku ilibainika kwamba gemu hiyo ilikuwa imemeza fedha ambazo mama yake alimpa akanunue mbolea ya kupandia. Dada yangu hakupiga kelele. Alikaa jikoni muda mrefu, kisha akaniuliza: "Kaka, kwani siku hizi kucheza ni kulipa?"

Mimi ni mwalimu wa isimu na kazi yangu ni kufuatilia maneno yanavyotumika na yanavyogeuka. Swali la dada yangu linahusu malezi na uchumi wa nyumba, lakini linahusu pia maana ya kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho kimenyakuliwa mbele ya macho yetu. Maoni yangu ni kwamba sisi walimu tulichangia kunyakuliwa huko, nasi tulianza zamani kabla ya simu hizi kufika vijijini. Ili nieleweke, msomaji aniruhusu nirudi nyuma hadi mwaka 1998.

Nilifanya mtihani wa KCSE mwaka 1997, mvua za El Niño zilipokuwa zikibomoa madaraja kote nchini. Siku hizo aliyefaulu kwenda chuo kikuu alikaa nyumbani muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka mzima, akingoja nafasi. Mzazi aliyejiweza kidogo alimtafutia mwanawe kile tulichokiita pakeji, yaani masomo mafupi ya kompyuta ambayo kila moja lilikuwa na cheti chake. Baba yangu aliuza magunia mawili ya mahindi, nami nikawa abiria wa kila siku wa matatu za Kitale kupitia Kiminini.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Sina haja ya kukitaja jina. Mlikuwa na kompyuta nane zilizofunikwa vitambaa vilivyoshonwa kwa kipimo chake. Tulivua viatu mlangoni. Ukutani palikuwa na bango la Kiingereza lililosema kwamba chakula, vinywaji na michezo ni marufuku, kana kwamba mambo hayo matatu yalikuwa ya ukoo mmoja.

Mkono wangu ulikuwa umezoea jembe. Kipanya kilinishinda kabisa. Nilipokifikisha ukingoni mwa meza nilidhani safari imekwisha, sikujua kwamba kingeweza kuinuliwa na kurudishwa katikati. Mwalimu wetu alipoona tunahangaika, alifanya jambo la busara. Alitufungulia Solitaire, mchezo wa karata ambao mtu hucheza peke yake, akatuambia tucheze mpaka vidole vizoee.

Mchezo huo uliingizwa katika Windows 3.0 mwaka 1990. Uliandikwa na Wes Cherry, kijana aliyekuwa mwanagenzi katika kampuni ya Microsoft, na karata zake zilichorwa na Susan Kare. Katika Windows 3.1, mwaka 1992, ukaja Minesweeper, mchezo wa kutafuta mabomu yaliyofichwa chini ya vigae. Wa kwanza humfunza mtu kubofya, kushika kitu na kukiburura hadi mahali pake. Wa pili humfunza kutofautisha kitufe cha kushoto na cha kulia, na pia kufikiri kabla ya kugusa. Wafanyakazi wengi wa ofisi duniani walijifunza kipanya kwa njia hiyo, nasi watoto wa wakulima wa mahindi tulijifunza vivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili mambo yakageuka. Mwalimu yule yule aliyetufungulia karata sasa alipita nyuma yetu na rula, na aliyekutwa akizicheza alitolewa nje. "Kompyuta haichezewi!" alisema kila asubuhi, nasi tukaitikia.

Hebu tulitazame agizo hilo kwa jicho la lugha. Katika Kiswahili, kauli ya kutendea hukipa kitenzi mlengwa, chombo au mahali. Mtoto huchezea mpira na huchezea uwanjani, wala hapana ubaya. Lakini mtu akikuambia "usinichezee", hakukatazi dansi, anakuonya usimdharau. Aliyechezea kazi kaipoteza na aliyechezea mali kaifuja. Wahenga nao walisema mchezea tope humrukia. Basi agizo la mwalimu wetu lilibeba makatazo mawili kwa mpigo mmoja: usicheze kwa mashine hii, na usiiharibu. Sisi tuliyasikia kama katazo moja. Tulitoka pale tukiamini kwamba kucheza ndiko kuharibu.

Siku moja baba alikuja Kitale kutafuta mbegu, akapita chuoni kuona mahindi yake yalivyokuwa yakitumika. Mwalimu alikuwa ametoka. Baba alisimama mlangoni, viatu mkononi, akaona kwenye kioo changu shupaza na kopa zimejipanga. Msomaji wa kwetu ataelewa uzito wa jambo hilo. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Marafiki, na katika nyumba yetu karata hazikuwahi kuvuka kizingiti, kwa kuwa karata ni kamari.

"Nimeuza magunia mawili uje ucheze karata?"

"Baba, hii si kamari. Ni ya kuzoeza mkono."

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu."

"Na ukishinda, unapata nini? Na anayeshindwa anapoteza nini?"

"Hakuna anayepata, Baba, wala anayepoteza. Ukimaliza zinapangwa upya."

Alifikiri kidogo, akatazama namna nilivyoishika karata moja na kuihamisha. Kisha akasema, "Basi hiyo si karata," akavaa viatu vyake akaenda zake. Hakulitaja jambo hilo tena. Sikujua siku hiyo kwamba mzee ambaye hakuwahi kugusa kompyuta alikuwa amenipa kipimo bora kuliko chochote nilichokisoma baadaye katika vitabu.

Mwenzetu mmoja alileta disketi yenye Prince of Persia, mchezo wa Jordan Mechner uliotoka mwaka 1989. Humo mwana wa mfalme ana dakika 60 za kutoka gerezani na kumwokoa binti sultani. Ili kuucheza ilitubidi tutoke katika Windows, tuingie DOS, tuandike amri kwa mkono, tujue faili imekaa wapi na kumbukumbu ya mashine inatosha au haitoshi. Katika mwezi mmoja wa kuiba dakika za mchezo huo nilijifunza namna kompyuta inavyofanya kazi kuliko katika pakeji zote nilizolipiwa. Nilikamatwa, nikafukuzwa wiki nzima. Nyumbani niliongopa kwamba umeme umepotea.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi mchezo huo ulivyotengenezwa. Mechner hakuwa na wachoraji wala studio. Alimpiga picha za video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akazichora picha hizo moja baada ya nyingine mpaka yule mwana wa mfalme akatembea kama binadamu. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Kamukuywa nilikuwa na wadogo zangu walioruka mto kila siku wakitoka shuleni, lakini hakuna aliyewahi kutudokeza kwamba kuruka huko kungeweza kuwa malighafi ya kitu chochote.

Hapo ndipo ilipo hasara ya kwanza ya agizo lile. Kizazi chetu kiliingia katika ulimwengu wa kompyuta kikiwa kizazi cha makarani. Tulifundishwa kupiga chapa barua, kujumlisha safu za hesabu na kuzima mashine kwa utaratibu. Hatukufundishwa kuifungua ili kuona kilichomo, maana huko kungekuwa kuichezea. Nao ufundi huanzia hapo hapo. Fundi wa baiskeli yeyote pale sokoni alianza kwa kuichezea baiskeli ya baba yake na kupigwa kwa sababu hiyo.

Sisemi kwamba Wakenya wote walitii. Mwaka 2007 kijana aitwaye Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta ambao shujaa wake ni msichana wa Kiafrika. Mwaka 2012 ukaja Ma3Racer, wa kuendesha matatu kwenye simu, na mwaka 2015 Nairobi X. Hawa walionyesha kwamba uwezo tunao. Lakini tukiwahesabu, ni wachache mno kwa taifa linalojisifu kila mara kwa teknolojia yake.

Hasara ya pili ni ya lugha. Sisi wataalamu wa Kiswahili tulibishana kwa miaka kuhusu jina la chombo chenyewe, kama kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Wengine walifanya kazi ya maana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye amri za Kiswahili, na miaka ile ile Microsoft ilishirikiana na wataalamu wetu kuivika Windows Kiswahili. Nilizipokea habari hizo kwa furaha kubwa. Hata hivyo, hadi leo ni nadra kumkuta mwanafunzi au mhadhiri ambaye kompyuta yake inamsemesha kwa Kiswahili.

Kwa nini? Wengi husema istilahi zilikuwa ngumu. Mimi nadhani tulianzia mlango usio wao. Tulipeleka Kiswahili ofisini, kwa watu wazima waliokwisha kuzoea amri za Kiingereza na ambao hawakuwa na sababu ya kujifunza upya. Hatukukipeleka kwa watoto wanaocheza. Lugha hushika mizizi pale watoto wanapoichezea, na hapa nalitumia neno hilo kwa maana yake njema. Tazama Sheng ilivyoenea bila kamusi, bila mtaala na bila mkutano hata mmoja wa wataalamu. Laiti mtoto wa mwaka 1998 angeukuta mchezo mmoja tu wa kusisimua unaomwambia "ruka", "jaribu tena" na "umefaulu", leo maneno ya kompyuta ya Kiswahili yangekuwa midomoni mwa wazazi wenye umri wangu.

Hasara ya tatu ndiyo iliyoifikia nyumba ya dada yangu. Uwanja usiopandwa huota magugu. Mchezo ulipofukuzwa kwenye chumba cha kompyuta haukufa. Ulihamia kwenye simu, na huko ukakutwa na wafanyabiashara. Kampuni za kamari zilipoanza kuenea nchini takriban mwaka 2014 zilifika na lugha iliyokuwa tayari. Hazikusema "weka rehani fedha za mama yako". Zilisema "cheza". Mshindi akaitwa mchezaji bora na aliyefilisika akaambiwa acheze tena. Mambo yalifika mahali ambapo mwishoni mwa Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Matangazo husimamishwa, lakini neno likishageuka maana halirudi kwa amri ya wizara.

Mpwa wangu hakuwa akisema uongo aliponiambia anacheza gemu. Katika Kiswahili alichokikuta, hilo ndilo jina la jambo alilokuwa akifanya. Hakuna aliyewahi kumwonyesha gemu ya aina nyingine.

Msomaji anaweza kuuliza: je, shule haina vifaa? Itakumbukwa kwamba mwaka 2013 wananchi waliahidiwa kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Mpango wenyewe ulianza mwaka 2016 kwa vishikwambi vilivyounganishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na vifaa zaidi ya milioni 1 vikapelekwa katika shule zaidi ya 20,000. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, pamoja na ubunifu. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha silabasi ya kuandika programu. Kwenye karatasi tumekwenda mbali kweli.

Lakini nimetembelea shule kadhaa nikiwasimamia wanafunzi wangu wa ualimu, na katika baadhi yake nimeona makabati ya chuma yenye kufuli mbili. Nilipouliza, nilijibiwa kwa uaminifu kabisa: "Daktari, tunaogopa watoto watavichezea." Walimu hao si wabaya. Kifaa kikiharibika, ni wao watakaoandika barua ya maelezo. Hata hivyo, niliposikia kitenzi kile kwa mara nyingine, niliiona rula ya mwaka 1998.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Michezo ya kompyuta inaweza kumteka mtoto. Shirika la Afya Duniani liliutambua uraibu wa michezo hiyo katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Mzazi aliyeona mwanawe akikesha macho mekundu hahitaji kuelezwa. Isitoshe, wahenga wetu walishasema kazi mbaya si mchezo mwema. Mimi mwenyewe niliongopa kuhusu umeme.

Hata hivyo, jawabu la hatari hiyo ni kusimamia na kupima saa. Mtoto aliyecheza mbele ya mwalimu wake hujifunza kuacha wakati ukifika, na yule aliyenyimwa kabisa hucheza gizani na walimu wa aina nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unautambua mchezo kuwa haki ya mtoto katika kifungu cha 31. Mtu hapewi haki yake kwa kufungiwa kabatini.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila shule yenye vifaa itenge angalau saa moja kwa wiki ambapo wanafunzi watacheza michezo iliyochaguliwa na mwalimu, kisha waulizwe umetengenezwaje na wangeubadilisha vipi. Swali hilo la pili ndilo linalomtoa mtoto katika kutumia na kumwingiza katika kuunda.

Pili, idara za Kiswahili na idara za kompyuta katika vyuo vyetu vikuu ziache kuishi kama mahasimu. Wanafunzi wangu wanaandika tasnifu nzuri kuhusu vitendawili, na ng'ambo ya ua wanafunzi wa kompyuta wanatafuta mawazo ya miradi yao ya mwisho. Bao tunalo, vitendawili tunavyo, na visa vya Sungura na Fisi haviishi. Mcheza kwao hutuzwa, lakini sharti kwanza acheze kwao.

Tatu, na hili nawaomba wazazi na walimu pamoja, tuirudishe tofauti katika lugha tunayozungumza na watoto. Anayeweka fedha ili apate fedha hachezi, anabahatisha. Tuite kamari kwa jina lake, nyumbani na darasani, hata kama mabango ya barabarani yanaiita mchezo.

Usiku ule nilimwita mpwa wangu jikoni, mbele ya mama yake. Sikumgombeza. Nilimuuliza maswali ya babu yake, ambaye hakumkuta: unacheza na nani, na ukishinda unapata nini, na anayeshindwa anapoteza nini? Alijibu la kwanza kwa kusema hajui. La pili aliniambia kwa tarakimu. La tatu alilinyamazia, akamtazama mama yake.

Mbolea tuliinunua asubuhi kwa fedha zangu, na mahindi yakapandwa. Kijana amerudi shuleni, na shule yake ina kabati la vishikwambi. Ninamwandikia mwalimu wake mkuu barua wiki hii kumwomba alifungue, na kama hofu ni vitu kuharibika, nimejitolea kuwapo mwenyewe siku ya kwanza.

Mwalimu unayesoma makala haya, ufunguo wa kabati la shule yako uko kwa nani?